Kutumia "persuade", "convince" na ndugu zake bila kukosea

Chukua sentensi hii: "Nilimshawishi Juma auze gari, lakini akakataa." Kwa Kiswahili imenyooka. Sasa ihamishe neno kwa neno: "I persuaded Juma to sell the car, but he refused." Mwenye Kiingereza akiisoma atarudi nyuma aisome tena, kwa sababu umemwambia mambo mawili yasiyokaa pamoja: kwamba Juma alikubali, na kwamba Juma alikataa.

Sarufi ya sentensi hiyo haina kasoro, na kila neno liko mahali pake. Kinachogongana ni tabia ya vitenzi. "Kushawishi" ni kitenzi cha juhudi: kinasema ulimsemesha mtu, ukampa sababu, ukamvuta upande wako. Kama alikubali au hakukubali, hilo litasemwa baadaye. "Persuade" ni kitenzi cha matokeo: ukishakiandika katika wakati uliopita, mtu amekwisha kukubali. Ukilishika hili moja, sehemu kubwa ya makosa inaondoka yenyewe. Sehemu iliyobaki iko kwenye mkia wa sentensi, yaani kile kinachofuata baada ya kitenzi.

Hatua ya 1: Jiulize kama alikubali

Kabla ya kuchagua kitenzi cha Kiingereza, amua kwanza unachotaka kusema: ulijaribu, au ulifanikiwa? Kiswahili hakikulazimishi kuamua. Kiingereza kinakulazimisha.

Vitenzi vya matokeo ni "persuade", "convince", "talk somebody into", "get somebody to", "win over", "bring round" na "dissuade". Vitenzi vya juhudi ni "urge", "advise", "encourage", "beg", "plead with", "suggest" na "recommend". Hivi vya pili vinaeleza maneno yaliyotoka kinywani mwa msemaji, na havisemi lolote kuhusu yaliyotokea baadaye.

Kipimo chake ni chepesi. Ongeza maneno "but he refused" mwishoni mwa sentensi yako. "I urged him to see a doctor, but he refused" inasimama. "I advised him to see a doctor, but he refused" inasimama. "I convinced him to see a doctor, but he refused" inaanguka.

Ikiwa mtu alikataa, una njia tatu za kuirekebisha sentensi:

"I tried to persuade Juma to sell the car, but he refused."
"I urged Juma to sell the car, but he refused."
"I couldn't persuade Juma to sell the car."

Ya kwanza ndiyo iliyo karibu zaidi na "nilimshawishi" yetu. Kwa kweli, mara nyingi tafsiri sahihi ya "kushawishi" si "persuade" bali "try to persuade", maneno matatu kwa neno moja. Izoee.

Tatizo hilohilo hujificha kwenye nyakati nyingine, na huko watu wengi hawalioni. "Nimekuwa nikimshawishi kwa miezi miwili" huandikwa "I have been persuading him for two months". Kwa kuwa "persuade" ni hatua ya kufika, haikai vizuri kwenye kitendo kinachoendelea. Ni kama kusema umekuwa ukifika nyumbani kwa miezi miwili. Andika "I have been trying to persuade him for two months". Na "I will persuade him" si "nitaongea naye nione". Ni ahadi kwamba atakubali. Kama huna uhakika huo, andika "I'll try to persuade him" au "I'll talk to him".

Kwenye insha, angalia sana sentensi za "inafaa". "Parents should persuade their children to read" inawapa wazazi jukumu la kufanikisha. Aliyekusudia kuwahimiza tu aandike "encourage". Hapo "encourage" ndicho kitenzi unachokitafuta mara tisa kati ya kumi.

Hatua ya 2: Kilichobadilika ni mawazo au ni tendo?

Sasa tuseme mtu alikubali. Alikubali nini? Kuamini jambo, au kufanya jambo?

"Convince" kiasili ni kitenzi cha akili: unamtoa mtu kwenye shaka na kumfikisha kwenye uhakika. "Persuade" kiasili ni kitenzi cha uamuzi: unamtoa mtu kwenye kusita na kumfikisha kwenye kutenda. Asili ya maneno yenyewe inasaidia kukumbuka. "Convince" limetoka katika Kilatini "convincere", ndani yake mna "vincere", kushinda. Ni kumshinda mtu kwa hoja mpaka asibaki na la kujibu. Ndugu yake wa damu ni "convict", kumtia mtu hatiani. "Persuade" limetoka katika "persuadere", ndani yake mna "suadere", kushauri, neno lenye ukoo wa mbali na "sweet". Moja linashinda kwa hoja, jingine linavuta kwa utamu wa maneno.

Sentensi moja inaonyesha pengo lililopo kati yao:

"He was convinced that smoking was harming him, but nobody could persuade him to stop."

Aliamini kabisa kwamba sigara inamdhuru, ila hakuna aliyeweza kumfanya aache. Akili ilikwisha kukubali, tendo halikufuata. Kiswahili kina "kuaminisha" na "kukinaisha" kwa lile la kwanza, lakini katika mazungumzo ya kila siku "kushawishi" humeza yote mawili, na ndiyo maana tofauti hii hutuponyoka.

Njia ya uhakika ya kuchagua ni kuiandika sentensi kwa Kiswahili kwanza na kutazama kinachofuata baada ya kitenzi. Kikifuata kitenzi kinachoishia na -e, kama "auze", "aende", "asome", unazungumzia tendo, na Kiingereza kitataka "persuade somebody to". Kikifuata "kwamba" au "kuwa", unazungumzia imani, na Kiingereza kitataka "convince somebody that".

"Daktari alimshawishi apumzike": "The doctor persuaded her to rest."
"Daktari alimwaminisha kwamba kidonda kinapona": "The doctor convinced her that the wound was healing."

Kuna mtego mmoja. Vitenzi vyenye asili ya Kiarabu havigeuki kuwa -e: tunasema "arudi", "asafiri", "ajaribu", "asamehe". Kwa hiyo usitazame irabu ya mwisho peke yake. Tazama kama kitenzi kina alama ya wakati. "Nilimshawishi arudi" haina -na-, -li-, -ta- wala -me- kwenye "arudi", kwa hiyo ni tendo: "I persuaded him to come back." Alama ya wakati ikiwepo, kama katika "kwamba atarudi", basi ni imani: "I was convinced that he would come back."

Je, "convince somebody to do something" ni kosa? Hapa utasikia majibu mawili, na yote yana msingi. Kanuni ya zamani iliitenga "to" kwa ajili ya "persuade" tu. Kuanzia katikati ya karne ya 20, hasa katika Kiingereza cha Marekani, "convince" ilianza kuandikwa na "to" kwa wingi, na leo muundo huo umeenea na kamusi kubwa zinaukubali. Ushauri wetu: ukikutana nao katika maandishi ya mwingine, usiusahihishe. Katika mtihani, barua rasmi au maombi ya kazi, tumia "persuade" kwa tendo, kwa sababu hakuna msomaji atakayeulalamikia muundo huo, ilhali wako walimu na wahariri ambao bado wanaichora "convince to" kwa kalamu nyekundu.

Kwa upande mwingine, "persuade" inaruhusiwa kubeba imani bila ubishi wowote: "She persuaded me that the plan would work" ni sahihi, na "persuaded me of its value" ni sahihi. Kwa hiyo ukikwama na huna muda wa kufikiri, "persuade" ndiyo salama zaidi ya hizo mbili.

Hatua ya 3: Mweke mtu mahali pake

Katika Kiswahili mtu anayeshawishiwa hukaa ndani ya kitenzi: ali-ni-shawishi, nili-m-shawishi, tuli-wa-shawishi. Kwa kuwa ni silabi moja tu, ni rahisi kuisahau unapohamia Kiingereza, ambako mtu huyo lazima asimame peke yake mara tu baada ya kitenzi. Ndipo huzaliwa sentensi kama "He convinced that the price was fair". Alimwaminisha nani? Kiingereza hakikubali kuachwa hewani: "He convinced us that the price was fair."

Kosa la upande wa pili ni kumwongezea mtu huyo kihusishi: "He convinced to us", "she persuaded to him". Hakuna "to" hapo. Ni "convinced us", "persuaded him".

Lakini angalia, lipo kundi dogo linalofanya kinyume kabisa. "Suggest", "recommend", "propose", "explain" na "prove" hazimpokei mtu moja kwa moja. Zinamtaka aje na "to": "He proved to us that the price was fair", "she explained to me that the office was closed". Kiswahili hakitusaidii hapa, maana "alituthibitishia" na "alituaminisha" zina umbo lilelile. Hakuna kanuni ya kukisia. Kariri hayo matano.

Hatua ya 4: Chagua mkia

Hii ndiyo hatua yenye kazi, kwa sababu kila kitenzi kina mkia wake na hakikopi wa jirani.

Mkia wa "to" ndio wa kawaida kwa tendo. Unafuata "persuade", "urge", "advise", "encourage", "beg", "force", "induce" na "get": "We got him to sign." Usiache "to" baada ya "get", "we got him sign" si Kiingereza. Pia baada ya "to" kitenzi hubaki uchi, bila -ed wala -ing: "persuaded her to rested" ni kosa linalotokana na kutaka kuonyesha wakati uliopita mara mbili.

"Make" na "let" hazitaki "to" kabisa: "She made me apologise", "they let us leave". Ila "make" ikigeuzwa kuwa kauli ya kutendwa, "to" inarudi: "I was made to apologise."

Mkia wa "of" huleta nomino badala ya sentensi nzima: "She convinced the judges of her innocence." Watu hupenda kuandika "about" hapa, kwa kuwa Kiswahili kina "kuhusu". Andika "of".

Mkia wa "into" hufuatwa na kitenzi chenye -ing: "They talked him into signing", "she coaxed the child into opening his mouth". "Into" ina hisia ya kusukumwa ndani ya jambo. Kwa hiyo "persuaded him into signing" hudokeza kwamba alisita sana, au kwamba jambo lenyewe halikuwa na faida kwake. Ukitaka kusema tu alikubali, baki na "to".

Sasa tufike kwa "suggest", ambayo inawasumbua waandishi wa Kiswahili kuliko zote. "Alinipendekezea nisubiri" huandikwa "He suggested me to wait". Muundo huo haupo. Ziko njia mbili. Ya kwanza ni sentensi yenye "that": "He suggested that I wait" au "He suggested that I should wait". Tazama "wait" hapo: haina -s wala -ed hata mtendaji akiwa "she" na wakati ukiwa uliopita. "He suggested that she wait" ni sahihi. Kwa msemaji wa Kiswahili hili halipaswi kuwa geni. Ni umbo lilelile la "asubiri", kitenzi kilichovuliwa alama ya wakati. Njia ya pili ni -ing: "He suggested waiting." Hii haisemi ni nani atakayesubiri, na mara nyingi msemaji mwenyewe amo. "Suggested to wait" haipo.

Ukiiweka alama ya wakati, maana yote inageuka. "The letter suggests that she waited" haina pendekezo lolote. Inasema barua inaashiria kwamba alisubiri.

"Recommend" ifuate njia za "suggest": "They recommended that he rest", "they recommended resting". Muundo wa "recommend somebody to do" umewahi kutumika na bado utaukuta hapa na pale, lakini hakuna sababu ya wewe kuuchagua.

"Insist" ni ya peke yake. "Alinisisitiza niondoke" huzaa "He insisted me to leave", kosa lililo pacha wa lile la "suggest". Andika "He insisted that I leave". Ikiwa anayesisitiza ndiye atakayetenda, tumia "on" na -ing: "He insisted on leaving", alishikilia kwamba yeye mwenyewe aondoke. Tofauti kati ya sentensi hizo mbili ni kubwa, maana inabadilisha mtu anayeondoka.

"Advise" inakubali "to" kwa mtu, ila ina shida ya tahajia. Kitenzi kina s, "advise", na s hiyo hutamkwa z. Nomino ina c, "advice", na hutamkwa s. Hakuna "adviced", na hakuna "advices" kwa wingi. Ushauri mmoja ni "a piece of advice".

Hatua ya 5: Ukikanusha, angalia unakanusha nini

"Nilimshawishi asijiuzulu" na "sikumshawishi ajiuzulu" ni vitu viwili, na Kiingereza kinavitenganisha kwa mahali pa "not".

"I persuaded her not to resign": aliacha kujiuzulu kwa sababu yangu.
"I didn't persuade her to resign": kama alijiuzulu, si mimi niliyemfanya, au nilijaribu nikashindwa.

Katika maandishi rasmi "not" hutangulia "to": "not to resign".

Kwa maana ya kwanza kipo kitenzi maalumu, "dissuade", na mkia wake ni "from" na -ing: "I dissuaded her from resigning." Ndani yake mna ukanushaji tayari. Anayeandika "I dissuaded her not to resign" amekanusha mara mbili, na msomaji hajui tena kama mtu alibaki au aliondoka. "Dissuade" nayo ni ya matokeo. Ukishindwa, andika "I tried to dissuade her".

Katika mazungumzo watu hawasemi sana "dissuade". Husema "talk out of": "I talked her out of resigning." Kwa ushauri usiojali matokeo kuna "advise against": "I advised her against resigning." Na usichanganye yote haya na "prevent". Anayezuiwa kwa "prevent" huenda bado anataka. Kumekosekana nafasi tu. Anayezuiwa kwa "dissuade" amebadili nia.

Hatua ya 6: Maneno yanayotokana na vitenzi hivi

"Convinced" ni hali ya mtu: ana uhakika. "Convincing" ni sifa ya kitu kinachomfanya mtu awe na uhakika. "I am convincing that he is honest" haina maana. Ni "I am convinced that he is honest". Kitu au mtu kinachoaminisha ndicho "convincing": "a convincing argument", "a convincing witness". Hata uongo unaweza kuwa "convincing", kama umesukwa vizuri. Katika michezo, "a convincing win" ni ushindi usioacha ubishi.

"Persuasive" hufanya kazi ileile kwa "persuade". Usitafute "persuasible" kwa ajili hiyo. Hilo humhusu mtu anayeshawishika.

"Convinced by" na "convinced of" si kitu kimoja. "By" humtaja au kukitaja kilichokuaminisha. "Of" hulitaja jambo unaloliamini. "I was convinced by her evidence" na "I was convinced of her innocence".

"Conviction" ina maana mbili zilizo mbali: imani thabiti, na hukumu ya hatia mahakamani. "A man of strong convictions" ni sifa njema, "a man with two convictions" ni mtu aliyewahi kutiwa hatiani mara mbili. Kwenye wasifu wa kazi, kosa hilo la herufi chache linaweza kukugharimu.

Na "I'm not convinced", ikisemwa kwenye kikao, si tangazo la hisia tu. Ni njia ya adabu ya kusema "sikubaliani nawe mpaka ulete sababu nyingine".

Hatua ya 7: Chagua rangi

Ukishajua muundo, tafuta kitenzi chenye ladha ya tukio lako. Kiswahili kina utajiri mkubwa hapa, na mara nyingi neno letu linaelekeza moja kwa moja kwenye neno lao.

Kubembeleza, kwa upole na subira, ni "coax". Kurairai, kwa sifa na maneno matamu, ni "cajole". Ikifikia kumvika mtu kilemba cha ukoka, ni "flatter". Kusihi ni "implore" au "plead with", na hiyo "with" haiachwi. Kuhimiza ni "urge". Kushinikiza ni "pressure" au "put pressure on". Kurubuni kwa chambo ni "lure" au "entice". Kumtia mtu ndimu ili afanye ugomvi au upuuzi ni "egg on". Kumtia kasumba ni "brainwash".

"Tempt" inastahili uangalifu. "I was tempted to answer him" maana yake nilitamani kumjibu, na kwa kawaida sikumjibu. Ni hamu, si tendo.

"Influence" haihitaji nia wala maneno. Hali ya hewa inaweza "influence" mavuno. Haiwezi "persuade" chochote. Kama kitenzi haitaki kihusishi, "it influenced my decision". Kama nomino inataka "on", "it had an influence on my decision".

Na ukifungua kamusi kutafuta "kushawishi" ukakuta "seduce", iache ilipo. Maana yake ya kawaida leo ni kumvuta mtu kimapenzi. "I seduced the client to sign" katika ripoti ya kazi itasomwa vibaya sana.

Kwa matamshi, mkazo wa "persuade" na "convince" uko silabi ya pili. "Persuade" hutamkwa karibu na "pa-SWEID". "Persuaded" inaongeza silabi, "pa-SWEI-did", lakini "convinced" haiongezi: inaishia na sauti ya "nst" iliyobanwa, bila "-sedi" mwishoni. Kwenye tahajia, "pursuade" na "perswade" ndizo zinazotokea sana. Ni per, halafu sua, halafu de.

Hatua ya 8: Rekebisha aya nzima

Hii ni aya yenye makosa ya kila aina tuliyoyataja:

"Last month my brother wanted to leave his job. I persuaded him for two weeks but he refused. Our uncle suggested him to wait and insisted him to talk to the manager first. He convinced that the new company was not stable. At the end my brother was convincing and we dissuaded him not to resign."

Ipitie kwa utaratibu. "Persuaded him for two weeks but he refused" inaanguka kwenye kipimo cha hatua ya 1, na pia haisemi alishawishiwa afanye nini. Weka "tried" na uongeze mkia. "Suggested him to" na "insisted him to" zote zigeuzwe kuwa "that" na kitenzi kisicho na alama. "Convinced that" imempoteza mtu, na ukiandika "he convinced him" msomaji hatajua nani ni nani, kwa hiyo mtaje kaka. "Convincing" iwe "convinced". "Dissuaded him not to" ni ukanushaji mara mbili, na kwa kuwa kaka amekwisha kuamini mwenyewe, kitenzi chepesi kinatosha. "At the end" ni mwisho wa kitu, kama kitabu au barabara. "Hatimaye" ni "in the end".

"Last month my brother wanted to leave his job. I tried for two weeks to persuade him to stay, but he refused. Our uncle suggested that he wait and insisted that he talk to the manager first. He also convinced my brother that the new company was not stable. In the end my brother was persuaded not to resign."

Zoezi

Tafsiri hizi, halafu linganisha.

1. Walimsihi abaki, akaondoka.
2. Hatukuweza kumwaminisha kwamba mlango ulikuwa umefungwa.
3. Alipendekeza tuanze upya.
4. Mama alimshawishi asiache shule.
5. Bado wanamshawishi agombee.

Majibu: 1. "They begged him to stay, but he left". "Implored" pia inafaa, "persuaded" haifai. 2. "We couldn't convince him that the door was locked." 3. "He suggested that we start again" au "He suggested starting again". 4. "His mother persuaded him not to leave school" au "His mother talked him out of leaving school", ikiwa kweli alibaki. Kama aliacha, anza na "tried to persuade him not to". 5. "They are still trying to persuade him to run." Neno "bado" ndilo linalokuonyesha kwamba hajakubali, na ndilo linaloilazimisha "trying" iwepo.